Kabla hujaingia mferejini angalia konokono

Wadau mnaolima mpunga huku chini Moshi, Mabogini, Chekereni na kwingine, kabla hujatumbukiza miguu mferejini hebu chungulia pembeni kwanza penye magugu na maji yanayotembea taratibu, konokono wa kichocho hapendi maji ya kasi, utamkuta hapo anakula ule utelezi wa kijani. Yule bapa aliyejikunja kama kamba iliyozungushwa anabeba kichocho cha tumbo, mwenye gamba la ncha ukimshika ncha ikiwa juu mdomo wa gamba unakaa kushoto, huyo ndo wa kichocho cha mkojo.

Sasa konokono mwenyewe hang'ati jamani (watoto wanawachezea tu), shida ni vijidudu vinavyotoka kwake na kupenya ngozi hata kama huna kidonda, na vinatoka kwa wingi jua likishawaka, kama saa nne mpaka mchana hivi. Mimi kazi ya majini napiga alfajiri na gambuti juu, sio kwamba asubuhi ni salama kabisa ila afadhali.

Maji ya mfereji ya kuoga chota, hakikisha hujabeba konokono, yaache kwenye pipa siku mbili nzima, vijidudu havifiki huko vinakuwa vishakufa. Una haraka? Chemsha. Na wale wa kujisaidia kichakani karibu na mfereji, nyie ndo mnaowapa konokono mzigo, chimbeni choo bana.