Jinsi ya kupima kama pengo la kipato linapanuka: zoezi la kaya 10 za mwaloni

Kigoma, kijiweni hakukosi mtu wa kusema kwamba wenye nacho wanazidi kuwa nacho. Huenda ni kweli. Ila ukitaka kumweleza diwani, unahitaji namba za vipindi viwili zilizopatikana kwa njia moja. Hivi ndivyo ninavyowafundisha wadadisi wapya kabla hawajaingia mtaani. Excel inatosha.

Hatua ya 1: Uliza matumizi, si kipato

Kazi nyingi huharibikia hapa. Chukua mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, mwalo (mahali pa kushushia samaki) wa hapa Kigoma. Anaingia ziwani usiku wa giza kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi inalala. Ukimuuliza ameingiza kiasi gani wiki iliyopita, jibu lake linategemea mwezi ulivyokuwa angani. Na mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mdadisi aliyepita mwaloni Juni akarudi Oktoba angeona mageuzi makubwa ya kipato ambayo ni msimu tu.

Matumizi hayayumbi kiasi hicho, maana watu hukopa dukani, huuza kuku, hula akiba. Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima umaskini kwa matumizi, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, na ule wa 2017/18 ulikusanya taarifa kwa miezi 12. Usisahau kuthaminisha kwa bei ya sokoni vile ambavyo kaya haikununua: mihogo ya shambani, mawese waliyokamua wenyewe, dagaa wa mgawo waliopikwa nyumbani. Ukiviacha, maskini wataonekana maskini kuliko walivyo.

Hatua ya 2: Gawanya kwa watu

Kaya ya watu tisa inayotumia 400,000 si sawa na ya wawili inayotumia kiasi hicho. Mtoto hesabu sehemu ya mtu mzima. Viwango vyovyote utakavyochagua, vitumie vilevile vipindi vyote viwili.

Hatua ya 3: Panga, kisha tafuta mafungu

Namba hizi nimezitunga kwa zoezi. Ni matumizi ya mwezi kwa mtu mzima, kwa maelfu ya shilingi, kutoka kaya ya chini hadi ya juu:

Kipindi cha kwanza: 30, 40, 45, 50, 55, 60, 70, 80, 110, 160. Jumla 700.
Kipindi cha pili: 45, 56, 63, 72, 80, 95, 115, 140, 224, 350. Jumla 1,240.

Jumlisha kaya nne za chini, gawanya kwa jumla kuu. Mwanzo walikuwa na asilimia 23.6; sasa wana 19.0. Kaya moja ya juu imetoka asilimia 22.9 hadi 28.2. Mimi hupenda kuanza na mafungu haya kwa sababu hata mwenyekiti wa mtaa anayaelewa bila kuchorewa.

Hatua ya 4: Kipimo cha Gini

Mwitaliano Corrado Gini alikitoa mwaka 1912. Sifuri maana yake wote wako sawa. Moja, mtu mmoja kachukua vyote. Weka matumizi yaliyopangwa kwenye A1 hadi A10, na namba 1 hadi 10 kwenye safu ya B, kisha andika:

=2*SUMPRODUCT(A1:A10,B1:B10)/(10*SUM(A1:A10))-11/10

Utapata 0.27 kipindi cha kwanza na 0.36 cha pili.

Hatua ya 5: Ondoa mfumuko wa bei

Tuseme bei zimepanda kwa asilimia 50. Gawanya namba za kipindi cha pili kwa 1.5. Kaya ya mwisho kabisa inarudi palepale kwenye 30, ya pili inashuka kutoka 40 hadi 37 hivi, ya juu inapanda kutoka 160 hadi 233. Gini haisogei hata kidogo, kwa kuwa wote umewagawanya kwa namba moja. Wengi hushangaa hapo. Ingesogea endapo ungetumia bei tofauti kwa maskini, ambao sehemu kubwa ya fedha yao huishia kwenye chakula. Unga ukipanda kuliko bati, pengo halisi ni kubwa kuliko hesabu yako inavyosema.

Hatua ya 6: Soma kabla ya kutangaza

Kaya ya chini ya mwanzo si lazima iwe ndiyo ya chini leo. Usipowafuata watu walewale, sema fungu la chini limepungua, usiseme maskini wale wamezidi kudidimia.

Pia umaskini na pengo ni vitu viwili. Kitaifa, umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, mstari wa umaskini wa 2017/18 ukiwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kipindi hichohicho, Gini katika takwimu za Benki ya Dunia ilipanda kutoka 37.8 hadi 40.5 (wao huzidisha kwa 100). Ukiokota namba ya mwanzo kwao na ya mwisho kwenye ripoti nyingine, utakuwa umepima tofauti ya mahesabu ya ofisi mbili.