Kabla hujaipweleza boti: kuondoa chaza na utelezi bila kuumiza rangi ya chini

Rangi nyingi za chini ya boti huharibika mikononi mwa mtu anayesafisha kwa haraka, chaza wakiwa wameshakauka na kuwa kama saruji, na kifaa alichonacho ni panga au brashi ya waya. Kazi yenyewe, yaani kuipweleza boti ikae mchangani maji yakipwa na kuisafisha, ni ya saa chache tu. Kama rangi itapona au haitapona huamuliwa siku kadhaa kabla, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa wenye boti za faiba zinazolala majini katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Bahari yetu ni ya joto mwaka mzima, kwa hiyo viumbe hawa hawana msimu wa kupumzika.

Anza na rangi. Ile ya kuzuia chaza, antifaulingi, iko ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni laini: huisha kidogo kidogo boti inapotembea, na kila tabaka la juu likiondoka hufunua oksidi ya shaba mpya iliyo chini yake. Ya pili ni ngumu: yenyewe hubaki, sumu yake ndiyo inayotoka polepole. Kama kopo la rangi limehifadhiwa, soma maelezo yake na uyapige picha. Kama boti uliinunua mkononi mwa mtu na hakuna anayekumbuka ilipakwa nini, chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji, usugue mahali padogo penye rangi safi. Kitambaa kikitoka na rangi, hiyo ni laini, na kila msuguo unaoufanya unapunguza miezi ya ulinzi uliyoilipia. Hiyo husafishwa kwa sponji au kitambaa tu, na mashine ya presha ikitumika ikae mbali. Rangi ngumu huvumilia brashi ya nailoni, lakini nyingi ya aina hiyo hupoteza nguvu boti ikikaa nchi kavu muda mrefu, basi usiipandishe ukaiacha wiki nzima ukisubiri fundi.

Kwa boti kuukuu nina ombi moja zito: usiipige msasa mkavu hata kidogo. Zamani rangi hizi zilitiwa tributiltini, sumu kali ya bati iliyopigwa marufuku na mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008. Tabaka la zamani linaweza kuwa bado liko chini ya mapya, na hata vumbi la shaba peke yake si la kuvuta. Ikibidi msasa, uwe wa maji, na uvae barakoa.

Kisha hesabu maji. Katika sehemu kubwa ya mwambao huu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri, hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kujaa tena saa kumi jioni. Hiyo ni zawadi kwa anayesafisha chombo. Ukiilaza boti kwenye mchanga ulio katikati ya kujaa na kupwa, huanza kukaa chini karibu saa moja asubuhi na kuelea tena karibu saa saba mchana, ukitoa au kuongeza kidogo kulingana na kina chake. Una saa kama sita, zote za mwanga. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Jambo linalosahauliwa ni upande upi wa bamvua. Pweleza maji yanapokuwa bado yanaongezeka siku hadi siku kuelekea kilele. Ukiipandisha boti juu kabisa siku ya kilele chenyewe, maji yanayofuata hayatafika pale, na utaingojea bamvua inayofuata, siku kama 15, boti ikipigwa na jua na rangi ikichakaa. Angalia na upepo pia: kusi likivuma kwa nguvu, mawimbi madogo ya ufukweni huinua mkuku, ule uti wa chini ya boti, na kuubwaga mara kwa mara kabla maji hayajaondoka, na chini ya mkuku ndipo rangi huchubuka kwanza. Kagua mahali penyewe siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa. Mawe yaondoe. Penye matumbawe au majani ya bahari tafuta pengine.

Gadi, yaani miti ya kuegemeza boti isilale ubavu, ziwe tayari na ziwe za kutosha pande zote mbili, vichwa vyake vimefungwa gunia au kipande cha zulia ili visikwaruze. Asiingie mtu chini ya tumbo la chombo kabla hazijajaribiwa. Hapa sitanii: rangi hununuliwa upya, mgongo wa mtu haununuliwi.

Vifaa vipangwe usiku, kwa sababu adui mkubwa ni ukavu. Utelezi na mwani uliolowa hutoka kwa mkono. Vikikaa juani kwa saa moja hugandamana. Kwa hiyo anza pale pale maji yanaposhuka, ukifuata mstari wa maji kwenda chini, na uwe na ndoo za maji ya kumwagia sehemu usizozifikia. Kumbi la nazi lililoloweshwa linafanya kazi nzuri sana kwenye utelezi, mradi ulisuuze kila mara, maana mchanga ulionasa ndani yake hugeuka msasa. Kwa chaza uwe na skrepa ya plastiki au ya mbao, pembe zake zimeviringishwa. Ilaze karibu kabisa na tumbo la boti, kisha usukume kutoka ubavuni mwa chaza, ukiisimamisha itachimba. Akitoka na kuacha duara jeupe lililoganda, liache. Kulikwangua hadi liishe ndiko kunakofikia jelikoti, lile ganda laini la juu la faiba. Ukiona rangi ya tabaka la chini imeanza kuchungulia, hapo simama.

Zinki, vile vipande vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe na kutu badala ya vyuma vingine, usiviguse kwa rangi wala kwa asidi, brashi tu. Rafadha, yaani propela, ndiyo inayoweza kuvumilia skrepa ya chuma. Vaa glavu nene na miwani, kwani jeraha la chaza huoza upesi.

Wenye mashua za mbao wana desturi yao ya kuchoma tumbo kwa makuti makavu na kupaka shahamu na chokaa, na ni desturi nzuri kwa mbao tupu. Usiilete kwenye faiba, wala kwenye mbao iliyokwisha kupakwa antifaulingi. Moshi wake ni sumu.

Mwisho, tandika turubai chini kabla ya kukwangua. Ufuoni penye mashamba ya mwani kama Paje na Jambiani huko Zanzibar, au ambapo kina mama huchokoa pweza na chaza, usisafishie hapo kabisa, kwa kuwa shaba iliyotengenezwa kuua chaza wa boti haichagui chaza wa chakula. Takataka zikusanye, uzifunge, uondoke nazo kabla maji hayajarudi.