Penseli kwa gita lisilokaa kwenye tyuni
Wenye magita ya umeme ya mtumba, kama ukikaza uzi unasikia "tik!" halafu sauti inaruka kupita ulipotaka, usikimbilie kununua vikazio vipya. Legeza uzi mmoja mmoja, utoe kwenye kile kipande chenye vijimfereji pale juu ya shingo, chukua penseli, 2B ndo nzuri maana laini, sugua ndani ya mfereji mpaka uwe mweusi, rudisha uzi. Ule unga unateleza, uzi haung'ang'anii tena. Langu hapa Shangani, Mtwara, uzi wa tatu ndo ulikuwa msumbufu, sasa umetulia. Ila nyuzi zikishaota kutu, na huku upepo wa bahari hauna huruma, penseli haisaidii, badili nyuzi kwanza. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko uzi, hapo mpelekee fundi mwenye tupa ndogo.