Kesi ya ubakaji Tanzania Bara: hatua za mwanzo zinazoibeba au kuiangusha

Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi wa jinsia. Ibara hiyohiyo inamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike. Kwa hiyo haki ya mwanamke mahakamani inasimama juu ya ushahidi, nao huanza kupotea ndani ya saa chache.

Usioge wala kufua. Weka nguo ulizovaa kwenye mifuko ya karatasi, kila nguo na mfuko wake. Plastiki hushika unyevu na vielelezo huharibika. Fika hospitali kabla ya saa 72, kwani dawa kinga ya VVU baada ya hapo haitolewi, na kila saa unayowahi ina faida. Ukiwa umeumia sana, tibiwa kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari) itafuata. Hata kama umeshaoga, nenda: michubuko hubaki.

Kwenye kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na fomu ya PF3. Mtaje mtuhumiwa hapo hapo, na kwa mtu wa kwanza unayemsimulia. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kumtaja mapema huupa ushahidi uzito, na kuchelewa bila sababu huzaa shaka. Kama vitisho ndivyo vilivyokuchelewesha, viandikwe kwenye maelezo. Kama humjui, eleza umbo, mavazi, umbali na mwanga uliokuwepo. Usisaini kabla ya kusomewa yote. Wakili wa utetezi ataanzia pale maelezo yako yanapopishana na utakayosema kizimbani.

Ukiambiwa "huna shahidi", usirudi nyumbani. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa mtu mzima vinathibitishwa viwili: kuingiliwa, hata kidogo tu, na kutoridhia.

Kwa mtoto, umri nao lazima uthibitishwe, na hapa kesi nzuri huanguka kwa uzembe tu: hati ya mashtaka inasema miaka 14, lakini hakuna shahidi aliyeutamka umri huo. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa, au autaje mwenyewe akiwa kizimbani, na amkumbushe mwendesha mashtaka amuulize. Taarifa za ukatili kwa mtoto hupokelewa bure kwa simu namba 116.

Kesi ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi. Fidia ya ng'ombe au kikao cha ukoo havifuti jinai, ila shahidi asipofika mahakamani kesi hufa, na wanaoleta hizo fidia wanalijua hilo. Mtuhumiwa akipata dhamana hajaachiwa huru. Akikutisha, ripoti upya na uchukue RB nyingine, kisha mweleze mwendesha mashtaka kabla ya tarehe inayofuata.