Namna ya Kuandaa Baraza la Usomaji kuhusu Nawal El Saadawi Jijini Dar es Salaam

Unapoandaa baraza kuhusu Nawal El Saadawi, daktari na mwandishi wa Misri aliyefariki Cairo tarehe 21 Machi 2021, usianze kwa kufafanua ufeministi, kwani wasikilizaji watagawanyika kabla hawajamjua mwenyewe. Anza na gereza.

Katika miaka ya 1970, akiwa daktari wa magonjwa ya akili, aliingia gereza la wanawake la Qanatir kuzungumza na wafungwa, akakutana na mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mwanamume. Simulizi ya mwanamke huyo ndiyo iliyozaa riwaya mashuhuri ya El Saadawi, Woman at Point Zero. Mwaka 1981 serikali ya Rais Anwar Sadat wa Misri ilimfunga El Saadawi mwenyewe katika gereza hilohilo, naye, kwa kunyimwa kalamu na karatasi, akaandika kumbukumbu zake juu ya karatasi za chooni kwa penseli ya nyusi aliyopewa na mfungwa mwenzake. Sehemu hii isimuliwe polepole, na msimulizi asiharakie kuieleza maana yake.

Ndipo urudi kijijini Kafr Tahla, alikozaliwa mwaka 1931 na kukeketwa akiwa na miaka sita. Alipoandika waziwazi kuhusu mwili wa mwanamke alifukuzwa kazi katika Wizara ya Afya, mwaka 1972. Mada hii si ngeni kwetu: tangu sheria ya mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini, na katika ukumbi wowote wa Dar es Salaam huenda yupo aliyepitia jambo hilo. Kwa hiyo maswali yaelekezwe kwa wote, wala asishurutishwe mtu kusimulia yaliyompata.

Kwa kuwa aliandika kwa Kiarabu na wengi wetu humsoma kwa Kiingereza, wape wasomaji wawili kazi ya kuandaa muhtasari wa Kiswahili wiki moja kabla.

Kuhusu mahali, ningeomba nafasi Maktaba Kuu, iliyo kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewakusanya wanawake wa TANU na ambaye naye alifungwa, katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, kabla ya kuachiwa mwaka 1972. Pangeni Jumamosi asubuhi, mmalize kabla ya adhuhuri, ili wanaorudi Mbagala na Gongo la Mboto wasigombanie daladala.