Rivolva ya .44 iliyotumika: kagua hivi kabla hujatoa hela

Shemeji yangu ana kahawa na ng'ombe wachache huko Sanya Juu, juzi kanipigia saa tatu usiku anahema, kapata dili. Kuna mzee mwindaji hapa Arusha, wale waliokuwa wanapeleka wageni porini, anafunga shughuli na anauza vitu vyake, kimoja ni rivolva ya Smith & Wesson Model 29, .44 Magnum, mtutu mrefu. Nikamwambia usitoe hata mia mpaka tuonane. Mimi sio fundi wa bunduki ila nimekaa kambi za uwindaji miaka mingi, nimeona watu wanauziwa chuma kimekwisha ndani halafu nje kinang'aa kama sufuria ya harusi.

Swali la kwanza nililomuuliza: unaitaka ya nini? Akasema fisi na wezi wa ng'ombe. Sasa sikiliza. Hii risasi ya .44 Magnum ilitoka 1955, Wamarekani waliitengeneza kwa ajili ya watu wanaotaka kuwinda kwa bastola. Kichwa chake ni gramu kama 15 hivi na kinatoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Ukimkosa mwizi inatoboa ukuta wa mabanzi inaingia kwa jirani, na hata ukimpata inaweza kupita ikaendelea na safari. Ukiipiga ndani ya chumba bila kuziba masikio hiyo siku utasikia kengele mpaka asubuhi, na mwanga wake usiku unakupofusha kwanza wewe mwenyewe. Na teke lake sio la kitoto, mtu asiyeizoea, risasi ya pili anaifinyia macho kabla hajafyatua. Kwa hiyo kwa nyumbani naona ni kubwa mno, na porini nako ni ndogo, maana kwa nyati na wenzake hapa kwetu mwindaji wa kitalii anatakiwa awe na raifo kuanzia .375, hiyo rivolva utabaki nayo kiunoni kama pambo. Wengi wanaoniuliza nawaambia tafuta shotigani, wachache wananisikia.

Haya, hutaki kusikia, unaitaka. Basi anza na karatasi, sio chuma. Silaha hainunuliwi kama simu ya mkononi, mnakutana soko la Kilombero unahesabu hela unaweka mfukoni. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ya yule mzee ni ya yule mzee, haihami na bastola. Wewe unaomba yako, unaanzia serikali ya mtaa au kijiji kwako mpaka polisi, na mpaka ukubaliwe silaha inabaki kwake au kwenye duka lenye leseni. Akikwambia "chukua kwanza, karatasi tutaweka sawa baadaye", inuka, hata chai usimalizie. Na kama mwenye silaha alishafariki, wanaouza ni watoto, hao hawana cha kuuza mpaka polisi waseme.

Hapo kwenye karatasi kuna mtego mmoja ambao nusura unipite hata mimi. Namba ya silaha lazima ifanane na leseni, sawa, lakini Smith za zamani za umbo hili kubwa namba yake iko chini kabisa ya kitako cha mpini, na kama mtu kaweka mpini wa mpira unaofunika kote huioni. Ukifungua silinda pembeni, lile pipa linalozunguka lenye tundu za risasi, utakuta namba pale kwenye bawaba, watu wanaiandika ile, kumbe mara nyingi ile ni alama ya kiwandani tu. Beba bisibisi, mwombe mwenyewe afungue mpini mbele yako. Na humo ndani ndo utaona kutu inayofichwa.

Kitu cha pili risasi. Kabla hujaipenda nenda duka la silaha uulize .44 Magnum ipo leo, sio "itakuja". Wengi wanaweka za bastola za kawaida na za shotigani, hii unaweza kusubiri mpaka usahau. Ukiambiwa .44 Special ipo ujue inaingia humohumo na teke lake ni dogo, nzuri kwa kujifunzia, ila ni fupi kwa hiyo inaacha duara la masizi ndani ya tundu za silinda, baadaye ukiweka Magnum inaingia kwa shida na ganda linagoma kutoka. Ukikuta tundu zina huo mstari mweusi sio ugonjwa, ni uvivu wa brashi.

Sasa chuma chenyewe. Fungua silinda, hakikisha tundu zote sita ziko wazi, mwonyeshe na mwenzako ahakikishe, usione aibu. Mimi nilipita kwa fundi pikipiki pale Sakina nikaazima fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu. Funga silinda, ipitishe kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu. Ikipita ya 0.10 mpaka 0.20 milimita safi kabisa, ikianza kupita ya 0.25 punguza mapenzi, moto na vipande vya risasi vinatokea hapo pembeni. Halafu isukume silinda mbele na nyuma, isicheze kama gia ya Noah ya zamani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Kidole gumba cha kushoto kiweke kwenye silinda uizuie kidogo, kidogo tu kama unabreki baiskeli, halafu vuta nyundo nyuma taratibu mpaka igande. Silinda lazima isikike imeingia kwenye kufuli yake, tak, kabla nyundo haijafika mwisho au pamoja nayo. Fanya tundu moja moja, zote sita, usifanye mbili ukatabasamu. Ile ya shemeji tundu ya kwanza tak, ya pili tak, ya tatu tak, ya nne kimya. Nikarudia, kimya. Maana yake nyundo ingeshuka wakati tundu haijakaa sawa na mtutu, risasi inakwanguliwa inaingia upande. Yule mzee akasema "ukiivuta haraka inafunga", ni kweli inafunga, kwa sababu uzito wa silinda unaibeba, lakini hapo ndo unajua imechakaa. Na vipuri vyake utavitoa wapi, Arusha hii?

Ukimaliza hapo chungulia mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga, ukiona kivuli cha pete ndani jua kuna siku risasi ilikwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Angalia nyuma ya mtutu pale risasi inapoingilia kama kuna ufa. Ule mkwaruzo wa moto kwenye chuma cha fremu kinachopita juu ya silinda usikutishe sana. Vichwa vya skrubu vilivyoliwa ndo vinanitisha mimi, mtu alishacheza humo ndani.

Kama ni Ruger, kampuni nyingine ya Marekani, badala ya Smith, zile Blackhawk na Super Blackhawk zilizotoka kabla ya 1973 hazina kizuizi cha nyundo, ikianguka inaweza kujifyatua, kwa hiyo zinabebwa na risasi tano, nyundo ikae juu ya tundu tupu. Utaijua kwa sauti, ukivuta nyundo inalia mara nne.

Shemeji alinuna siku mbili. Mzee alishusha bei, na alivyoshusha ndo shemeji akashtuka mwenyewe. Wiki hii kaleta mbwa wawili kutoka West Kili, na fila geji ya watu bado iko kwenye deshibodi yangu, yule fundi ananipigia kila asubuhi.