Kubadili vipimo vya urefu: anza na kamba, jedwali lije baadaye

Watoto wengi wa Darasa la Tatu na la Nne wanataja "kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita" bila kukosea hata moja. Waulize basi mlango wa darasa una urefu gani, utasikia "sentimita 20". Majina wameyashika, urefu wenyewe hawajaushika. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu na wazazi: kabla ya swali la kwanza la "badili", mtoto apime vitu kwa mikono yake.

Hatua ya 1: Shibiri. Mtoto apime dawati kwa shibiri zake (kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa), kisha wewe upime dawati hilohilo kwa zako. Shibiri za mtoto zitakuwa nyingi kuliko zako. Waache wabishane nani kapatia. Wote wamepatia, ila fundi seremala hawezi kukata mbao kwa majibu mawili. Hapo watoto wenyewe watadai kipimo kimoja cha wote.

Hatua ya 2: Kila kikundi kitengeneze mita yake. Tafuta kamba isiyovutika. Pima kwa rula ya sm 30 mara tatu, ongeza sm 10, kata. Kila baada ya sm 10 weka alama ya rangi, na kipande cha kwanza kigawe kwa wino sentimita moja moja. Mtoto ahesabu: vipande vikubwa 10, kila kimoja kina vidogo 10, jumla 100. Milimita azitazame kwenye rula. Ziko 10 katika kila sentimita.

Hatua ya 3: Kisia, andika, ndipo upime. Usiruke kukisia. Mtoto aliyezoea kukisia hataandika kwamba kalamu ina urefu wa m 15. Watoke uwanjani wapime m 11 kutoka mstari wa goli, ambayo ndiyo nafasi ya penalti, kisha goli lenyewe: la kawaida lina upana wa m 7.32 na urefu wa m 2.44. Kwa kilomita, pima m 100 kwa kamba, weka kijiti kila mwisho, watembee kwenda na kurudi mara tano.

Hatua ya 4: Kubadili. Kabla ya kukokotoa, uliza: namba itakua au itapungua? Kizio kipya, yaani kipimo unachobadilia, kikiwa kidogo, kitaingia mara nyingi, kwa hiyo tunazidisha: m 3 ni sm 300. Kizio kikiwa kikubwa, tunagawanya: m 4,500 ni km 4.5. Jedwali la vile vizio saba, kilomita hadi milimita, sasa lichorwe ubaoni, kwa sababu kila nafasi ni mara 10 ya inayofuata.

Hatua ya 5: Kutoa kwa kukopa. Hapa kaa muda mrefu, maana ndipo alama nyingi hupotelea. Chukua m 4 sm 35 utoe m 1 sm 60. Mtoto anakopa mita moja, lakini kwa mazoea ya namba nzima anaifanya 10, anapata 45, anakwama. Mpe kamba yake aiangalie: mita aliyokopa ina sm 100. Basi 135 toa 60 ni 75, na 3 toa 1 ni 2. Jibu: m 2 sm 75. Kwenye kilomita anakopa m 1,000. Angalia pia km 2 m 45: wengi huandika m 245, wakati ni m 2,045.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu anaanza kupima kwenye 1 badala ya 0.*
Marahaba. Mpe rula iliyovunjika mwanzo. Kitu kinachoanzia 5 na kuishia 12 kina sm 7. Atalazimika kuhesabu nafasi zilizo katikati badala ya kusoma namba ya mwisho.

*Dekamita na hektomita zina faida gani? Sijaona mtu anazitumia.*
Bila hizo jedwali linaruka nafasi mbili na mtoto anapoteza sifuri. Na hektomita ipo shambani: hekta moja ni eneo la mraba wenye upande wa hektomita moja, yaani m 100 kwa m 100.

*Baba yake ni fundi, nyumbani ni futi na inchi tu. Hatachanganyikiwa?*
Hapana, mradi uanze na mita, ukishaona ameimudu ndipo ulete inchi. Inchi 1 ni sm 2.54, na futi 1 ni inchi 12, sawa na sm 30.48. Bati la futi 10 lina sm 304.8. Mwombe baba amwachie tepu yenye namba za pande zote mbili, apime bati upande wa inchi, abadili kwa hesabu, kisha asome upande wa sentimita aone kama amepata.